Windows inasema "sina masharti ya leseni" wakati yapo: hizi eror za kutengeneza imeji zinamaanisha kitu kweli?

#1 Fundi_Nkuhungu
Wakuu salaam. Leo siku ya nne sijalala vizuri kwa ajili ya kazi moja. Naomba msaada wa kuelewa, maana kupewa komandi nikabandika tu sitaki, nataka nijue hizi eror zinaongea lugha gani.

Kuna shule moja huku Dodoma wamepata kompyuta za mtumba 32 za chumba cha TEHAMA, nyingi ni i5 kizazi cha nne. Nikaona nikipiga windo moja moja halafu nianze Office, draiva na programu ya maktaba mashine kwa mashine nitamaliza mwezi, nikaamua kutengeneza imeji moja ya Windows 10 iliyokamilika, yani nakala nzima yenye kila kitu ndani, niiweke kwenye flashi mbili, mimi na dogo wangu tugawane mashine. Nikachukua install.wim, lile faili lenye Windows yenyewe, ya kwenye ISO (faili la diski ya usakinishaji), nikabakiza toleo la Pro peke yake, nikatoa vikorokoro ambavyo wanafunzi hawavihitaji, nikaingiza draiva na .NET 3.5 kwa sababu ile programu ya maktaba haiwaki bila hiyo.

Sasa sikieni safari. Kumaunti tu (kuifungua imeji kwenye folda ili niihariri) ikagoma, 0xc1510111, eti sina ruhusa ya kuhariri. Mimi hapo nimefungua kama Administrator, ruhusa gani tena? Masaa matatu nahangaika na haki za folda kumbe faili nililolinakili kutoka kwenye ISO lilikuja na tiki ya "kusomwa tu". Nimeitoa tiki ikapita. Katikati ya kazi umeme ukakatika, uliporudi nikafuta lile folda nianze upya, ikaja 0xc1420127, eti imeji tayari imemauntiwa. Imemauntiwa wapi wakati folda lenyewe halipo? Nikapita hapo nikafika kwenye .NET 3.5, 0x800f081f, haioni faili za chanzo, na folda la sxs lenye faili hizo nimeionyesha kabisa.

Nimepambana nikamaliza. Leo tumeanza kupiga, mashine 20 zimekubali safi, 12 zinagoma mwanzoni kabisa zinasema Windows haiyaoni masharti ya leseni ya Microsoft, hakikisha chanzo ni sahihi uanze upya. Faili la masharti lipo, nimelifungua na nimelisoma!

Hoja yangu ni hii: hizi meseji hazina maana yoyote, ziliandikwa kujaza dirisha. Anayepinga aje na ushahidi.

#2 Kisasa_Boy
Pole mkuu. Hiyo ya leseni iliwahi kunikuta, ilikuwa flashi mbovu. Badili flashi.

#3 Dada_wa_Logi
Napinga, na ushahidi ninao. Meseji ina maana, ila inakuambia mahali programu ilipojikwaa, jiwe lenyewe huwa liko nyuma kabisa.

Mwaka juzi nilikuwa naandaa imeji ya maabara ya chuo kimoja. Nimemaliza kila kitu kwenye mashine ya mfano, napiga sysprep, programu ya kuiandaa Windows ili inakiliwe kwenye mashine nyingine, inaniambia imeshindwa kuthibitisha usakinishaji wa Windows. Ukiisoma hivyo utadhani Windows nzima imeharibika. Nikapiga upya toka mwanzo mara mbili, siku mbili zimekwenda. Mara ya tatu nikasema ngoja nisome faili la logi analonitajia, setupact.log lililoko kwenye System32\Sysprep\Panther. Nimeteremka mpaka chini, nakuta mstari mmoja, kuna kifurushi cha programu kimewekwa kwa mtumiaji mmoja lakini hakijaandaliwa kwa watumiaji wote. Ilikuwa ni programu moja ya Store tu ilijiapdeti yenyewe wakati nimeacha waya wa intaneti umechomekwa. Nikaiondoa kwa Remove-AppxPackage, sysprep ikapita.

Tangu siku hiyo nikiingia kwenye hali ya ukaguzi, ile ya Ctrl+Shift+F3 ya kuiandaa Windows kabla ya kutengeneza mtumiaji, kitu cha kwanza nachomoa waya wa intaneti.

#4 MzeeWaFlopi
Dada kasema vizuri sana. Vijana hamkuona enzi za XP. Unaweka CD, usakinishaji unakuambia haujapata diski yoyote kwenye kompyuta hii. Mteja anakutazama, anaanza kuamini umemuulia diski yake. Kumbe diski nzima, ila imeunganishwa kwa AHCI, namna mpya ya kuongea na diski, na XP haina draiva yake, basi unabonyeza F6 na kutafuta flopi ya draiva. Na flopi yenyewe upate mashine yenye kiendesha flopi! Au unaingia BIOS unabadili iwe IDE, ile namna ya zamani, inapita. Ukirudisha AHCI baadaye inakupiga skrini ya bluu 0x0000007B.

Ndo tukaanza kutumia programu ya nLite, tunaingiza draiva ndani ya CD yenyewe. Kwa hiyo hii kazi ya kuchezea imeji huku Dodoma tuliifanya wakati wengine mnasoma shule ya msingi.

#5 Nzuguni_Tech
Shikamoo mzee. Na hiyo ya kutoona diski imerudi, laptopu za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, kama VMD (kidhibiti cha diski cha Intel) imewashwa kwenye BIOS unakuta orodha ya diski tupu, mpaka upakie draiva ya Intel RST. Mwezi uliopita mteja alitoka Mpwapwa na laptopu mpya kabisa, alishaambiwa na mtu anunue SSD nyingine.

#6 MzeeWaFlopi
Marahaba. Umeona sasa, ugonjwa ule ule.

#7 Area_C_Solutions
Naomba niweke sawa hizi namba maana watu wengi wanazigoogle tu na kuokota majibu ya mtu mwingine kabisa. Namba inayoanza 0x8007 ni eror ya kawaida ya Windows iliyovalishwa koti. Chukua tarakimu nne za mwisho, zigeuze kutoka mfumo wa heksa kwenda namba za kawaida, halafu andika kwenye komandi: net helpmsg na hiyo namba.

0x80070005, hapo 5, huna ruhusa.
0x80070070, heksa 70 ni 112, diski imejaa.
0x80070002, faili halionekani.

Calculator ya Windows ikiwa kwenye hali ya Programmer inageuza. Hii peke yake imeniokolea muda mwingi sana.

#8 Kisasa_Boy
@Area_C_Solutions na 0x80070570? Hiyo mi najua ni draiva ya SATA.

#9 Area_C_Solutions
Geuza mwenyewe mkuu. Heksa 570 ni 1392. Piga net helpmsg 1392 uone, itakuambia faili au folda limeharibika na halisomeki. Draiva inaweza kuwa sababu nyuma yake lakini mara nyingi ni flashi, RAM, au ISO iliyoshuka nusu nusu.

#10 Kisasa_Boy
Nimepiga. Kweli. Asante, nimejifunza kitu.

#11 Binti_Kondoa
Samahani nami nijaribu, nimechukua 0x800f081f ya Fundi, 081f nimepata 2079, helpmsg haijanisaidia kitu. Nimekosea wapi?

#12 Area_C_Solutions
Hujakosea hesabu dada yangu, umekosea mlango. Ile kanuni ni ya 8007 tu. Hiyo ni 800f, familia nyingine, ya usakinishaji. Zile za 0x800f08 zinatoka kwa kile kitengo cha Windows kinachoshughulika na vipande na apdeti, logi yake ni C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log. Na za 0xc142 ni za upande wa kumaunti WIM. Kwa hiyo mwanzo wa namba unakuonyesha ofisi, mwisho wa namba unakuonyesha dawati.

#13 Dada_wa_Logi
Na logi ya DISM yenyewe, ile programu tunayohariria imeji, iko C:\Windows\Logs\DISM\dism.log. Usianzie juu, ruka mpaka chini kabisa halafu panda taratibu ukitafuta neno Error. Ila muwe makini, dism.log huwa na Warning nyingi ambazo hazina shida yoyote, mtu mgeni anashikwa na hofu bure.

#14 Fundi_Nkuhungu
Aisee nashukuruni. Sasa @Area_C_Solutions hiyo 0xc1420127 inasema imemauntiwa wakati folda nimelifuta, hapo mnaitetea vipi?

#15 Mwalimu_Chamwino
Hiyo naijua. Ukimaunti, Windows inaandika kwenye rejista yake kwamba imeji fulani iko wazi pale fulani. Umeme ukikatika hakuna aliyeifuta ile kumbukumbu, na wewe kufuta folda kwa mkono hakujagusa rejista. Ni kama mwanafunzi amehama shule lakini jina lipo kwenye daftari la mahudhurio, kila asubuhi anaitwa. Dism /Get-MountedWimInfo inakuonyesha jina lililobaki, Dism /Cleanup-Mountpoints inalifuta. Kwa hiyo meseji ilikuwa sahihi kwa upande wake, imesoma daftari.

#16 Fundi_Nkuhungu
Mwalimu hapo umenipata. Ndo hiyo Cleanup niliyotumia bila kujua inafanya nini.

#17 Ipagala_Net
Ila ungejaribu Remount kwanza kabla ya kufuta folda, kazi yako ya masaa ingeweza kupona. Dism /Remount-Image unaonyesha lile folda. Mimi baada ya umeme kukatika huwa naanza na hiyo kabla ya kugusa chochote.

#18 Kibaigwa_Kwanza
Mi swali langu nje kidogo, 0xc1420117 nayo? Namaliza kazi, napiga unmount na commit (kuifunga imeji na kuhifadhi), inasema folda halikuweza kuachiwa lote. Nimeshapoteza imeji mara mbili kwa hiyo.

#19 Nzuguni_Tech
Umeacha File Explorer wazi ndani ya lile folda. Au Notepad, au dirisha la komandi umelisimamisha humo humo. Au antivairasi inachungulia. Funga vyote, rudia komandi ile ile.

#20 Ipagala_Net
Na mizinga ya rejista, usisahau. Kama ulipakia rejista ya ile imeji kwenye regedit ukasahau kuishusha, hata ufunge madirisha yote haitoki. @Kibaigwa_Kwanza usikimbilie discard (kufunga bila kuhifadhi), discard ndo inayokupotezea kazi, sio eror.

#21 Kibaigwa_Kwanza
Discard ndo nilikuwa naweka!! Basi tatizo nimelijua leo.

#22 Mdau_wa_Manyoni
Turudi kwenye mashine 12 za mleta mada maana tumeshatawanyika. Fundi, hizo 12 zina tofauti gani na 20? Tueleze kila kitu usifiche.

#23 Fundi_Nkuhungu
Nimezikagua asubuhi hii, na hapa ndo nachanganyikiwa zaidi. Zile 12 ni modeli tofauti kidogo, ni za muundo mdogo ule wa kulala. RAM zake ni GB 2 wakati zile 20 zina GB 4. Na zote 12 zilikuwa upande wa dogo, kwa hiyo zilipigwa na flashi ya pili. Vitu vitatu kwa pamoja.

#24 Kisasa_Boy
Flashi! Nilisema toka #2.

#25 Mdau_wa_Manyoni
Subiri kwanza. Hiyo modeli kuna uwezekano ilitoka kiwandani na Windows 8. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji walianza kuchoma ufunguo wa Windows ndani ya BIOS. Usakinishaji ukianza unausoma kimya kimya bila kukuuliza. Kama ufunguo ule ni wa toleo la Home, usakinishaji unakwenda kutafuta Home ndani ya imeji yako, na wewe umebakiza Pro tu. Haioni Home, kwa hiyo haioni masharti ya leseni ya Home, inakuletea meseji uliyoiona. Yani haisemi faili la masharti halipo, inasema masharti ya hilo toleo ninalolitafuta siyaoni.

Dawa ni kuweka faili la ei.cfg kwenye folda la sources, unaandika ndani EditionID Professional na Channel Retail. Hapo inaacha kufuata ufunguo wa BIOS.

#26 Dada_wa_Logi
Hii maelezo nimeipenda. Ndo kile nilichosema #3, jiwe liko nyuma.

#27 Area_C_Solutions
Inawezekana, lakini msiifunge kesi. Meseji hii hii ya masharti ya leseni inajulikana sana kwa watu wa mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta nyingine), unaunda mashine pepe ukiipa RAM ndogo inakuletea hiyo hiyo, ukiongeza RAM inapotea bila kugusa imeji. Windows 10 ya biti 64 kima cha chini ni GB 2, na Fundi anasema zina GB 2, na kadi ya picha ya ndani inakata sehemu yake hapo hapo. Kwa hiyo inabaki pungufu ya 2. Mimi naweka hela yangu kwenye RAM.

#28 Bahi_Road_Gamer
Kwenye mashine pepe mimi nilikuta ni flopi. Ndio, flopi! Mashine pepe iliwekewa flopi na programu yenyewe ikiwa na faili la majibu, lile linalojibu maswali ya usakinishaji badala yako, usakinishaji unasoma majibu ya pale unachanganyikiwa na ufunguo. Nimeondoa flopi ikapita.

#29 MzeeWaFlopi
Nilijua itanifuata mpaka kaburini.

#30 Nzuguni_Tech
Mzee 😂😂 Lakini hoja ya Gamer inagusa kitu. Fundi, uliweka faili la majibu la autounattend.xml kwenye flashi? Kama ndani yake kuna ufunguo au namba ya imeji ambayo hailingani na ulichobakiza, meseji ni hiyo hiyo. Ulivyofuta matoleo mengine ukabakiza Pro, namba yake ilibadilika ikawa 1, ilikuwa namba nyingine mwanzo.

#31 Fundi_Nkuhungu
Ninayo autounattend ndiyo, ila ufunguo sijaweka. Namba ya imeji nimeiandika 1. Na faili hilo hilo limetumika kwenye zile 20 zikakubali.

#32 Binti_Kondoa
Kwani hizo 20 zilipigwa na flashi ya kwanza zote? Kama faili la flashi ya pili ni tofauti na la kwanza?

#33 Fundi_Nkuhungu
Dada umeuliza swali la maana. Dogo ndiye aliyeinakili ya pili, ngoja nilinganishe.

#34 Mwalimu_Chamwino
Linganisha kwa certutil -hashfile, weka jina la faili halafu SHA256. Ukipata herufi zinazofanana kwenye flashi zote mbili basi faili ni moja. Usiangalie ukubwa wa faili tu, ukubwa unaweza kufanana na ndani kumeoza. Na hizi flashi za bei ya chini zinazosema GB 64, nyingine uwezo wake wa kweli ni mdogo, zinaandika juu ya zilichoandika mwanzo. Kuna programu ya H2testw inazifumania, inajaza flashi yote halafu inasoma ilichoandika.

#35 Ihumwa_Jr
Wakuu mi nauliza, install.wim ya Fundi ina ukubwa gani? Maana flashi ya FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Kama dogo alinakili kwenye FAT32 na faili linazidi, Windows inamwambia faili ni kubwa mno kwa mfumo huo, akaforce kwa programu nyingine likakatika.

#36 Fundi_Nkuhungu
Linazidi kidogo, GB 4.3. Mi ya kwangu niliiandaa kwa programu ya Rufus ikatumia mfumo wa NTFS. Ya dogo nimemuuliza, anasema aligawanya install.wim kuwa vipande vya swm kwa kufuata video fulani. Mimi hili silikujua mpaka leo!

#37 Ihumwa_Jr
Kugawanya sio kosa, Dism /Split-Image yenye /FileSize:3800 ni halali kabisa na usakinishaji unavisoma. Lakini lazima vipande vyote viwepo kwenye sources, install.swm, install2.swm. Akisahau cha pili hapo tutaongea mengine.

#38 Fundi_Nkuhungu
Vipo vyote viwili.

#39 Kisasa_Boy
Kwa hiyo flashi bado ni mtuhumiwa.

#40 Udom_Linux
Habari wakuu. Mashine za kizazi cha nne zenye GB 2, Windows 10 ambayo msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa nini msiwawekee watoto Linux Mint au Xubuntu? Mnajitesa.

#41 Mdau_wa_Manyoni
Programu ya maktaba ni ya Windows. Ameshasema.

#42 Dada_wa_Logi
Na Linux nayo sio kwamba ina meseji nyepesi. Nilitengeneza imeji ya Ubuntu yangu kwa programu ya Cubic, ikaniambia kernel panic, haiwezi kumaunti mfumo mkuu, unknown-block(0,0). Nilidhani diski. Kumbe initrd, lile faili la kuanzia kuwasha mfumo, haikuingia. Na nyingine, ukiwa ndani ya chroot (umeingia ndani ya imeji kwa komandi) inasema imeshindwa kutambua archive.ubuntu.com, unadhani bando limeisha, kumbe resolv.conf ya humo ndani, faili lenye anwani za seva za DNS, ni tupu.

#43 Udom_Linux
Hiyo ya resolv.conf imenikuta kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, nilinunua bando jipya kabisa kabla sijajua. Kwa hilo nakubali. Ila logi za Linux zinasomeka kirahisi, hapo nitasimama.

#44 Bahi_Road_Gamer
Zinasomeka kama umezizoea. Kama ulivyozoea mlenda wewe.

#45 Udom_Linux
Mlenda na ugali wa uwele usiuguse mkuu, hapo tutagombana.

#46 Area_C_Solutions
😂 Fundi rudi na majibu. Na hujatuambia 0x800f081f uliimaliza vipi, wengine itatusaidia.

#47 Fundi_Nkuhungu
Folda la sxs nililoonyesha lilikuwa la ISO ya zamani ya Windows 10 niliyokuwa nayo tangu kitambo, na imeji ninayoitengeneza ni ya toleo la 22H2. Nilivyoonyesha sxs ya ISO ile ile ya 22H2 na kuongeza /LimitAccess (isitafute faili Windows Update) ikapita dakika moja.

#48 Ipagala_Net
Hapo sawa. Kwa hiyo chanzo kilikuwepo ila hakikuwa chake. Ila kuna wakati namba hiyo inakuja kwa sababu nyingine kabisa, umetoa vipande vingi kwenye imeji kwa programu za kupunguza, halafu apdeti ya mwezi inakuja inatafuta kipande ulichokitupa. Inaleta 0x800f081f au 0x80073712. Fundi ulisema umetoa vikorokoro, ulitoa vipi?

#49 Fundi_Nkuhungu
Programu za Store tu, kwa Remove-ProvisionedAppxPackage. Vipande vya mfumo sijagusa.

#50 Ipagala_Net
Hapo uko salama.

#51 Fundi_Nkuhungu
MREJESHO. Leo nilikuwa shuleni toka saa mbili asubuhi, upepo na vumbi la Dodoma mnalijua, madirisha yote yamefungwa na jasho linatoka. Mkuu wa shule alikuwa anataka chumba kianze kutumika Jumatatu kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kujaribu moja moja. Nimeweka ei.cfg kama alivyosema Mdau, nimeandaa flashi mpya kwa Rufus badala ya ile ya vipande, na RAM nimeongeza kwenye mashine 12 zote zikawa GB 4, tulipata za mtumba. Zote 12 zimekubali! Watoto wa kidato cha pili walikuwa wanachungulia dirishani, wakapiga makofi ile ya kwanza ilipofika kwenye desktopu.

#52 Mdau_wa_Manyoni
Hongera sana mkuu. Ufunguo wa BIOS nilisema.

#53 Kisasa_Boy
Flashi nilisema.

#54 Area_C_Solutions
RAM imeongezwa hapo jamani, someni vizuri. Fundi umebadili vitu vitatu kwa mpigo, sasa nani amepona na dawa gani?

#55 Dada_wa_Logi
Hongera Fundi, watoto wapate kusoma, hilo ndo kubwa. Ila kweli umetuacha njiani. Mashine ilipogoma ungebonyeza Shift+F10, dirisha la komandi linafunguka pale pale, ukafungua X:\Windows\Panther\setuperr.log. Hapo ndo tungejua ilikuwa inatafuta toleo gani.

#56 Fundi_Nkuhungu
Dada hilo la Shift+F10 sikulijua, naapa. Nakuahidi kuna mashine tatu za modeli ile ile zimebaki stoo, za akiba, nitazitumia kujaribu kesho.

#57 Fundi_Nkuhungu
Nimejaribu hizo tatu. Flashi mpya, RAM GB 4 zote, ei.cfg nimeitoa. Mbili zimegoma na meseji ile ile, moja imepita bila shida.

#58 Mdau_wa_Manyoni
Mbili kati ya tatu! Hiyo iliyopita bodi yake ilibadilishwa, haina ufunguo ndani. Hizi mashine za mtumba zimepitia mikono mingi.

#59 Area_C_Solutions
Au zile mbili zina RAM mbovu. Umezipima kwa memtest?

#60 Fundi_Nkuhungu
Sijapima. Iliyopita nimepiga wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey, imetoa ufunguo, kwa hiyo ndani upo.

#61 Mdau_wa_Manyoni
Upo ila ni wa toleo gani? Kama ni wa Pro ndo maana imepita.

#62 Kisasa_Boy
Na zile mbili ulitumia tundu gani la USB, la mbele au la nyuma? Matundu ya mbele ya hizo mashine huwa yamelegea.

#63 Fundi_Nkuhungu
La mbele. Iliyopita nilichomeka nyuma, kwa sababu mbele lilikuwa limevunjika.

#64 Area_C_Solutions
Aisee.

#65 Dada_wa_Logi
Fundi kesho rudi na zile mbili, chomeka nyuma, ei.cfg isiwepo, na ikigoma usizime. Shift+F10, setuperr.log, nakili kwenye flashi nyingine uilete hapa nzima. Mimi nitaisoma mstari kwa mstari.

#66 Fundi_Nkuhungu
Sawa dada. Stoo inafunguliwa saa nne, nitakuwa pale.